Mkono wa Kibano

Watu wengine wakiona ua hufurahi. Mama Chupa alipoliona lile la kwanza alilifunika kwa kiganja, kama mtu anayeficha tobo la nguo mbele ya wageni, kisha akatazama mlangoni kuona kama kuna aliyemwona.

Lilikuwa dogo, jekundu, limechomoza katikati ya majani kama ncha ya ulimi. Mmea wenyewe haukuzidi kikombe cha chai kwa ukubwa, na hapo ndipo palipokuwa na msiba. Bromelia ni ndugu wa nanasi, ila huyu hazai nanasi la kula. Hupandwa kwa pambo, na kila mmea hutoa ua mara moja tu maishani. Ukishalitoa haukui tena. Hukaa na ua lake miezi michache, kisha huanza kukauka polepole kuanzia majani ya nje. Ndiyo maana anayeupanda huuvumilia kwanza, ujae, uwe mpana kama sinia, ndipo alitake ua. Ua likija mmea ungali kikombe, umepata ua la kikombe na mmea wa kuzika.

"Dada," mdogo wake alimwita kutoka benchi la pili. "Njoo uone na huku."

"Nimeona."

"Yapo matatu."

"Nimesema nimeona."

Mdogo wake akaendelea kunyunyiza maji. Mtaani walimwita Kibano, kwa kuwa mkono wake uliweza kuokota jani jembamba kama unyasi kwa kibano cha chuma bila kulichubua. Jina la Mama Chupa nalo lilitokana na kazi hiyohiyo. Watani walipenda kumuuliza huyo mwanawe Chupa anasoma darasa la ngapi, naye hujibu kwamba wako wengi, na wote wamelala. Na kweli walikuwa wamelala: chupa za jamu, za siagi ya karanga, za dawa ya kikohozi, zimepangwa rafuni chini ya taa nyeupe, kila moja ina jeli chini na kichaka kidogo cha machipukizi juu yake.

Kufikia mwisho wa juma maua hayakuwa tena ya kufunikwa kwa kiganja. Benchi lote la nyuma lilikuwa jekundu. Majirani walichungulia juu ya ukuta wakasifu. "Hongera, Mama Chupa. Mungu kakufungulia." Akawaitikia asante, akaharakisha kuingia ndani.

*

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Unachukua chipukizi, unaliosha kwa maji yenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, unalimenya mpaka unafika kwenye moyo wake usiozidi punje ya mchele. Unaulaza moyo ule kwenye jeli yenye sukari, chumvichumvi na matone ya dawa ya kuchipushia. Ukibahatika, punje ile huzaa kumi, na zile kumi ukizigawa huzaa mia, ambazo zikiota mizizi huhamia kitaluni, kwenye vikopo vya udongo. Usipobahatika, asubuhi unakuta chupa imevaa manyoya ya ukungu kama panya.

Adui ni uchafu usioonekana. Mama Chupa alijifunza hayo peke yake, kwa kukosea. Sanduku la kukatia alilitengeneza kwa tangi la samaki lililolazwa ubavu. Chupa alizichemsha kwa sufuria ya presha. Mumewe, fundi wa makochi, alimpigilia mabenchi ya kitalu na kumtundikia wavu wa kivuli, na baridi ilipokuwa kali alikizungushia kitalu karatasi ya nailoni pande zote, pakawa na joto humo ndani kama kwapani. Chumba cha chupa kilikuwa na sheria moja iliyozidi zote: anayeingia anaosha mikono kwa spiriti mpaka viwikoni, anafunga mdomo kwa kitambaa, na hasemi neno.

Sheria hiyo ndiyo iliyomkwaza mama mkwe wake.

"Yaani chumba nilichokuwa nikiweka kuni zangu," bibi alisema siku ya kwanza alipozuiwa mlangoni, "leo naambiwa nifunge mdomo nikiingia?"

"Si wewe tu, mama, ni kila mtu. Pumzi ina vijidudu."

"Pumzi yangu imelea watoto sita. Hakuna hata mmoja aliyeota ukungu."

Kibano alicheka. Mama Chupa hakucheka, na bibi aliona ni nani aliyecheka na ni nani hakucheka. Tangu siku ile hakukanyaga tena mlango wa chupa. Akitaka kitu husimama uani akaita, na akiulizwa kwa nini asiingie, hujibu kwamba mdomo wake anauhitaji.

*

Mpambaji alikuja kuangalia mzigo wake. Alikuwa mwanamke wa sauti ya chini na viatu ambavyo havikuwahi kukanyaga tope. Alipamba kumbi za sherehe na mapokezi ya mahoteli, na agizo lake ndilo lililokuwa limeiweka nyumba hii mguu sawa: bromelia pana, zilizokomaa, kwa ukumbi mpya utakaofunguliwa. Alipita katikati ya mabenchi, akachukua kikopo kimoja kwa vidole viwili, akakiinua usawa wa macho.

"Hii ndiyo niliyoagiza?"

"Ndiyo yenyewe. Ila imewahi kutoa ua."

"Imewahi." Alilirudia neno hilo kama anayeonja mchuzi uliozidi chumvi. "Mama, nguzo za ukumbi ule ni nene kuliko mlango wako. Nikiweka hii chini ya nguzo, watu watadhani mgeni kaangusha kibanio cha nywele."

"Naelewa."

"Mimi ndiye sielewi. Nilikuja hapa miezi michache iliyopita, kila kitu kilikuwa sawa. Tatizo nini? Maji? Udongo?"

Mama Chupa hakujua. Hiyo ndiyo ilikuwa kweli, nayo ilikuwa fupi mno kumpa mtu aliyevaa viatu vile. Fundi asiyejua kilichoharibu kazi yake ni fundi gani?

"Ni dawa ya kuchipushia," alisema. "Ikizidi kidogo, mmea huchanganyikiwa. Kuna mkono ulikosea kipimo."

"Mkono wa nani?"

Kibano alikuwa amesimama nyuma yake na trei ya maji ya mgeni. Mama Chupa alijua yupo. Alisikia glasi ikigonga glasi. Hakugeuka.

"Wa mdogo wangu. Bado anajifunza."

"Huyu uliyenisifia? Huyu niliyemsemea kwa meneja wa kampuni ya maua, wakampangia siku ya kwenda kuonwa?" Mpambaji alirudisha kikopo benchini. "Basi afadhali nimpigie leo, nisije nikamuuzia mtu mbuzi kwenye gunia."

Kibano alizunguka, akaweka trei juu ya benchi, katikati ya maua. "Maji haya hapa," alisema, akaondoka.

Jioni walikutana jikoni. Kibano alikuwa anakunja nguo zake na kuzitia kwenye mfuko, bila haraka, moja moja, kama anavyopanga majani.

"Dada, unaamini kweli ni mimi?"

"Wewe ndiye uliyechanganya dawa nilipokwenda msibani."

"Nilichanganya kama ulivyonifundisha."

"Basi labda nilikufundisha vibaya."

"Hilo hukumwambia."

Mama Chupa alikoroga sufuria iliyokuwa haina haja ya kukorogwa. "Na si dawa tu. Huna utaratibu. Kipindi chote cha baridi kila asubuhi kitalu kinanuka kitunguu saumu. Nikakwambia usile mle ndani."

"Na nikakwambia sijala."

"Harufu ilijipika yenyewe?"

Kibano alifunga mfuko. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda chake karibu na mlango, anachambua mboga. Alisikia yote. Alitaka kusema neno, kisha akainamia mboga zake, kwa kuwa ugomvi wa dada wawili ni kama nywele za kusuka: wa tatu akitia mkono huvuruga.

*

Kazi ya chupa inataka mikono minne. Mmoja afungue, aunguze mdomo wa chupa kwa moto, apokee, afunge. Mwingine akate na kupanga. Mama Chupa akiwa peke yake alichelewa, na kila chupa iliyokaa wazi ilipokea wageni. Ukungu ukaja, wa kijivu, wa kijani, mmoja wa waridi aliokuwa hajawahi kuuona. Alizitoa chupa zile nje, akazichemsha, akaziosha, akaanza upya.

"Mrudishe," mumewe alimwambia.

"Nimrudishe nikamwambie nini?"

"Mwambie kazi ni nyingi."

"Kampuni ya maua wamemkataa. Unafikiri hajajua maneno yalikotoka?"

Fundi makochi alirudi karakanani. Kazi zake nazo zilikuwa zimepoa. Watu walikuwa wakikalia makochi yaliyopasuka na kutandika shuka juu yake. Nyumba ilikuwa ikiendeshwa na kitu ambacho hakuna aliyekielewa vizuri. Kila baada ya siku kadhaa bibi alirudi kutoka matembezini na kuweka mezani mfuko wa unga, au sukari, au kipande cha sabuni.

"Umepata wapi, mama?"

"Nilikwenda hospitali kumtazama yule rafiki yangu mgonjwa. Kanipa."

"Mgonjwa gani huyo," mwanawe alicheka, "anagawa kuliko wazima?"

"Kuna watu ugonjwa huwafungua mikono," bibi alisema, akaenda kuosha miguu.

*

Siku ile Mama Chupa alikuwa akipanga upya vikopo. Aliamua kuziuza bromelia ndogo kwa yeyote atakayezitaka, za kuweka kwenye madirisha, kabla hazijaanza kunyauka. Kila kikopo kilifungwa uzi shingoni: nyekundu kwa kazi ya Kibano, buluu kwa kazi yake mwenyewe. Ulikuwa utaratibu wa zamani. Walishindana nani chupa zake zitaota zaidi.

Alikwishapanga safu mbili ndipo mkono wake uliposimama hewani.

Karibu na mlango kulikuwa na mimea isiyokuwa na ua hata moja. Mingi ilikuwa na uzi mwekundu. Akaenda benchi la nyuma, kule maua yalikoanzia. Huko nyekundu na buluu zilichanganyika, zote zimetoa maua, na lile la kwanza kabisa, lile alilolifunika kwa kiganja, lilikuwa na uzi wa buluu. Mkono wake mwenyewe.

Akakaa juu ya ndoo. Kama kosa lilikuwa la dawa, lingefuata uzi. Lingeukamata mwekundu popote ulipo na kuuacha wa buluu. Hili halikufuata uzi. Lilifuata mahali. Lilianzia pembe ile ya nyuma, likawa linapungua kadiri unavyokaribia mlango, kama joto la moto.

Alipiga magoti, akaingia chini ya benchi. Palikuwa na giza na unyevu. Mkono wake ulipapasa gazeti lililosokotwa. Alipolifungua, unga mweupe wa majivu ulimwagika, na ile harufu ikampiga puani. Kitunguu saumu. Kando yake palikuwa na vikonyo viwili vya ndizi vilivyokauka utomvu mweusi, na kipande cha kitambaa cha kichwa chenye maua ya njano. Kitambaa hicho alikifua yeye mwenyewe mara nyingi. Kilikuwa cha mama mkwe wake.

Hakuhitaji kuelezwa. Wauza ndizi wenye haraka hununua kwa mafundi wa kuchomelea vijiwe vya kijivu. Kijiwe kikipata unyevu hutoa gesi yenye harufu ya kitunguu saumu, kikabaki unga, na ndizi zilizofunikwa nacho huiva upesi. Gesi hiyohiyo wakulima wa mananasi huitumia shambani, ili shamba lote litoe maua kwa pamoja. Hayo alikuwa akiyajua tangu alipoanza. Na bromelia ni ndugu wa nanasi. Usiku baada ya usiku, kipindi chote cha baridi, ndani ya nailoni iliyofungwa barabara, mimea yake ilikuwa ikivuta amri ya kutoa ua.

Rafiki mgonjwa. Unga, sukari, sabuni. Mama Chupa alibaki chini ya benchi, magoti yakiloa, mpaka mgongo ulipomuuma.

*

Karakanani mumewe alikuwa na misumari midogo mdomoni, anavuta kitambaa juu ya kiti. Alimsikiliza bila kuitoa. Ilipofika mahali pa ndizi, akaitema mmoja mmoja kiganjani.

"Mama yangu anauza ndizi?"

"Nadhani kwenye kona ile ya hospitali. Anatoka alfajiri."

"Anauza ndizi ili mimi nile."

"Sikuja kwa ajili hiyo. Nimekuja kwa ajili ya mdogo wangu."

Fundi aligeuzageuza nyundo mikononi. "Sasa unataka nini? Nimwite mama nimwambie ameharibu kazi ya nyumba nzima? Mwanamke wa umri ule, aliyejificha ili asinitie aibu?"

"Mdogo wangu anaosha vyombo mgahawani. Hakuna anayetaka mkono wake."

"Atapata kazi nyingine, bado kijana. Acha lipite, mke wangu. Maji yameshamwagika."

"Yamemwagikia mtu," Mama Chupa alisema.

Alikwenda mgahawani. Kibano alitoka nyuma akijifuta mikono. Vidole vyake vilikuwa vyeupe, vimekunjamana kwa maji na sabuni. Dada yake alivitazama, akaona haya kuendelea kuvitazama. Alimweleza yote palepale, karibu na mapipa ya taka, huku mpishi akiwachungulia dirishani.

"Kwa hiyo si mimi," Kibano alisema.

"Si wewe. Nimekuja kukuomba radhi."

"Mama mkwe wako umemwambia?"

"Bado."

"Mpambaji?"

"Bado. Natafuta namna."

Kibano alitikisa kichwa taratibu. Hakuwa na hasira ya kuonekana, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Basi hujaja kunisafisha, dada. Umekuja kujisafisha. Mimi nilikuwa najua tangu mwanzo kwamba si mimi. Hao wasiojua ndio ungeanza nao."

"Ni mama mkwe wangu. Nikisema, nimemvua nguo mbele ya mwanawe."

"Na mimi ulinivua mbele ya nani?" Mpishi akagonga dirisha. "Naitwa. Nenda salama."

*

Aliyasema siku hiyohiyo, wakati wa chakula, kwa kuwa alijua akilala nayo yataota mizizi. Aliyasema akimtazama mama mkwe wake, kwa sauti ya kawaida, kama anayeelezea kazi: kijiwe, gesi, nailoni, ua. Mumewe aliacha kutafuna.

Bibi hakukana. Aliweka tonge lake pembeni mwa sahani.

"Nilitafuta mahali penye joto," alisema. "Baridi ile, ndizi zilikuwa zinagoma. Nikaona ninyi mmefanya chumba cha joto, nikasema hapa chini ya benchi hazimsumbui mtu. Nilikuwa naziweka mkishalala, nazitoa kabla hamjaamka."

"Mama, ungesema unahitaji kitu," mwanawe alianza.

"Kwa nani? Kwako wewe, uliyekuwa unahesabu vipande vya nyama ukidhani sikuoni?" Akamgeukia mkwewe. "Na wewe. Kwenye mlango wa chupa uliniambia nisiseme, nikanyamaza, nikaondoka kabisa. Kwenye mlango wa maua hukuniambia kitu. Hata siku moja hukuniita ukaniambia, mama, hiki kinaishi hivi na kinakufa hivi. Nimeishi na mimea hiyo kama ninavyoishi na mbwa wa jirani."

Ni kweli Mama Chupa alikuwa amemweleza Mpambaji, amewaeleza majirani, hata muuza chupa alimweleza. Bibi peke yake ndiye aliyeambiwa tu afunge mdomo.

"Ni kweli," alisema. "Sikukuambia."

"Na yule binti mkamtwika yeye." Bibi aliinuka kwa kushikilia meza. "Siku ile anakunja nguo nilikuwa pale pale nachambua mboga. Mimi ndiye niliyenyamaza, na mzigo ulikuwa wangu."

Fundi makochi alisukuma sahani, akatoka. Walisikia lango likifunguliwa, halafu hawakusikia lolote.

*

Asubuhi kitanda cha bibi kilikuwa kimetandikwa na mwenyewe hayupo. Jua lilikuwa limepanda vizuri simu ya Mama Chupa ilipolia.

"Kuna mama mmoja yupo dukani kwangu," sauti ya chini ya Mpambaji ilisema. "Amekaa kwenye kiti cha wateja na mkungu wa ndizi mbichi miguuni. Anasema haondoki mpaka nimwelewe. Unamfahamu?"

Mama Chupa alivaa viatu vya kutokea akiwa njiani.

Alimkuta bibi ameketi wima, mikono mapajani, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri. Wateja wawili walikuwa wanajifanya kutazama mashada ya plastiki.

"Amenieleza habari za ndizi," Mpambaji alisema, "mpaka sasa naweza kufungua genge."

"Hujanielewa bado," bibi alisema. "Ungekuwa umenielewa ungekuwa umeshika simu."

Mpambaji akamgeukia Mama Chupa. "Ni kweli haya anayosema?"

Hapo angeweza kusema ni kweli na kuishia hapo. Bibi alikuwa amebeba sehemu yake yote, na pengine alikuwa tayari kubeba na ya mwingine. Mama Chupa alitazama ule mkungu sakafuni, akamtazama mwenye duka.

"Ni kweli. Na kuna lingine. Nilipokwambia ni mkono wa mdogo wangu, sikuwa najua ni nini. Nilitafuta tu pa kutupia. Kosa la gesi ni la kutojua. Lile la kumtaja yeye, mimi nilijua ninachokifanya."

Mmoja wa wale wateja aliacha kujifanya, akatazama waziwazi. Mpambaji alipangapanga mkasi na utepe juu ya meza.

"Maua siyachukui," alisema. "Nguzo zangu zimebaki vilevile. Hilo lisije likakuchanganya."

"Halinichanganyi."

"Kwa mzigo ule nimeshatafuta mtu mwingine." Akachukua simu, akapiga, na labda kwa kuwa bibi alikuwa amemkazia macho, akaiweka sauti ya juu. Alimwambia meneja kwamba kuhusu yule binti alikuwa ameambiwa vibaya. Meneja akauliza vibaya namna gani. "Mkono wake ni mzima," Mpambaji alisema. "Tatizo lilikuwa nyumba." Meneja akanung'unika kwamba nafasi ile imeshapata mtu, kuna ya kuosha chupa tu, lakini aje, wamtazame.

Walirudi kwa miguu. Mama Chupa alikumbuka mkungu walipokwisha kuvuka barabara.

"Mama, ndizi zako."

"Nimemwachia. Ukimpa mtu maneno mazito, mpe na kitu cha kushika."

*

Kibano alipita siku chache baadaye. Hakukaa. Alisimama uani na mkoba begani, akasema kampuni imempa kazi ya kuosha chupa kwa kuanzia, halafu wataona.

"Kuosha chupa," Mama Chupa alisema. "Wewe."

"Nimezoea maji." Alitabasamu kidogo. "Nimekuja kuchukua kibano changu."

Mama Chupa alimletea, kimefungwa kwenye kitambaa safi. Alitaka kumwambia kwamba rafu zimebaki nusu, kwamba hakuna tena wa kushindana naye uzi. "Utakuja lini?" ndilo neno lililotoka.

"Nitakuja kusalimia," Kibano alijibu. Alimwendea bibi kwenye kigoda chake, akainama, akashikwa kichwa kwa viganja viwili. Kilichosemwa pale hakikumfikia dada yake. Kisha akaondoka.

Ile mimea iliyotoa maua ilianza kukauka pembezoni, kama ilivyotarajiwa. Michache iliuzwa kwa madirisha ya watu, kwa bei ya huruma. Iliyobaki ilifanya jambo lake la mwisho: chini ya majani yaliyokuwa yakiisha, ubavuni mwa shina, vilichomoza vichipukizi vya kijani, vigumu, vyenye ncha. Fundi makochi, ambaye bado alikuwa akizungumza na watu wa nyumba yake kwa maneno ya lazima tu, alipigilia meza ya mbao ukutani, mbele, upande wa barabara, mbali kabisa na kitalu. Hakusema ni ya nini. Bibi alipanga ndizi zake juu yake mchana kweupe, na wapita njia wakaanza kumzoea.

Siku Mama Chupa alipokata vichipukizi vya kwanza, alijifungia chumba cha chupa peke yake. Alivimenya, akaviosha, akawasha moto mdogo. Chupa ya kwanza ilimponyoka kifuniko. Ya pili ilikaa wazi akitafuta wembe. Alikuwa akiikodolea macho, akiona kama tayari anauona ukungu wake, mlango uliposukumwa.

Mama mkwe wake alisimama kizingitini. Mikono yake ilikuwa imelowa mpaka viwikoni na chumba kikajaa harufu ya spiriti. Kitambaa cha maua ya njano, kile kilichookotwa chini ya benchi, kilikuwa kimechemshwa na kufungwa mdomoni, kimekazwa nyuma ya kichwa kwa mafundo mawili. Aliufunga mlango kwa mgongo. Akavuta kigoda cha Kibano, akakaa, akanyoosha kiganja mbele ya moto, kimya, akangoja apewe chupa.